Anthony Trollope, Karani Aliyeshindwa Kazi Miaka Saba

Ndugu zangu tuliopita katika shule hii, na ninyi wadogo zetu mnaokalia sasa madawati tuliyokalia sisi, kila tukutanapo huwa tunaulizana fulani yuko wapi siku hizi. Mara nyingi tunaowauliza ni wale waliokuwa wakishika nafasi ya kwanza. Wale walioshika mkia hatuna haja nao sana, labda kwa kuwa tunadhani jibu tunalijua. Basi safari hii nimependa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyeshika mkia shuleni, akashika mkia kazini, na hatimaye akawa mmoja wa watu waliofanya kazi nyingi kuliko wote katika zama zake. Aliajiriwa na posta kwa miaka 33, na wakati huo huo akawa mwandishi. Alipofariki alikuwa amekwisha kutunga riwaya 47, ya mwisho akiwa hajaimaliza, mbali na vitabu vya safari na hadithi fupi.

Anthony Trollope alizaliwa mjini London tarehe 24 Aprili 1815. Baba yake alikuwa wakili mwenye elimu kubwa na hasira kubwa zaidi, hata wateja wakamkimbia. Akajaribu ukulima, nao ukamshinda. Kwa kuwa shamba lao lilikuwa karibu na Shule ya Harrow, ambayo wana wa mabwana wakubwa hutoka mbali kuja kuisoma, Anthony alipelekwa pale akiwa na umri wa miaka saba, kama mwanafunzi wa kutwa asiyelipa ada kama wenziwe. Alikwenda na kurudi kwa miguu kwenye njia za matope, akafika darasani na matope yale yale. Siku moja mwalimu mkuu alikutana naye njiani akamwuliza kama kweli shule inaweza kuaibishwa na mtoto mchafu namna ile. Alipohamishiwa Winchester mambo hayakuwa afadhali. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa pale, alimchapa fimbo karibu kila siku kwa jina la malezi, na baba aliposhindwa kulipa madeni wenye maduka waliambiwa wasimkopeshe kijana huyo kitu. Wanafunzi wote walijua. Ninyi mnaokaa bwenini mnafahamu habari ya namna hiyo hufika vitanda vyote kabla ya kulala.

Alirudishwa Harrow, akaondoka huko mwaka 1834 akiwa amekaribia umri wa miaka 19. Katika miaka yote hiyo hakupata tuzo hata moja. Alitoka na Kilatini kidogo na Kigiriki kidogo zaidi, na hesabu karibu hakuna.

Lakini jambo moja alikuwa nalo, na hakuna mwalimu aliyeliona. Kwa kuwa wenziwe hawakumtaka katika michezo yao, alizoea kukaa peke yake akijitungia hadithi kichwani. Hadithi moja aliiendeleza wiki nyingi, hata miezi, akiichukua leo pale alipoiacha jana. Alijiwekea na masharti: pasiwe na miujiza, na yeye mwenyewe, ingawa ndiye shujaa, asijifanye mfalme wala mwana wa mfalme. Mwalimu yeyote angemwita kijana anayeota mchana, wala asingekosea. Wazo lisilotulia darasani lilitulia sana mahali pengine.

Hapa lazima nimtaje mama yake. Bibi Frances Trollope alipoona nyumba inazama aliamua kuandika vitabu ili watoto wale, na alianza akiwa amekwisha kupita miaka 50. Kitabu chake cha kwanza, kuhusu tabia za Wamarekani, kilitoka mwaka 1832 kikauzwa sana. Mwaka 1834 baba aliwakimbia wadai akaenda Ubelgiji, na Anthony ndiye aliyemwendesha kwa gari la farasi mpaka bandarini bila kujua safari ile maana yake nini. Huko katika mji wa Bruges mama aliuguza mwanawe Henry, aliyefariki Desemba mwaka ule, kisha akamwuguza mumewe, aliyefariki mwaka uliofuata. Katikati ya chupa za dawa aliendelea kuandika. Aliamka saa kumi alfajiri, akamaliza sehemu yake ya siku kabla wengine hawajaamka. Anthony aliyaona hayo kwa macho yake, lakini ilimchukua zaidi ya miaka kumi kuyafuata.

Kazi katika makao makuu ya posta ya London aliipata kwa kujuana, maana mama alikuwa na rafiki mwenye jamaa katika ofisi ile. Usaili wenyewe unachekesha. Alipewa kalamu ya unyoya akaambiwa anakili mistari michache ya gazeti, akajaza karatasi madoa ya wino na makosa ya maneno. Akaambiwa arudi kesho na mwandiko mzuri, na kwamba atapimwa hesabu pia. Usiku ule alinakili kurasa za kitabu cha historia kwa uangalifu mkubwa, kaka yake akimsimamia. Kesho yake hakuna aliyetaka kuona karatasi zile, na hesabu hakuulizwa. Alionyeshwa meza yake tu. Mshahara ulikuwa pauni 90 kwa mwaka.

Alikaa kwenye meza ile miaka saba, na ilikuwa miaka mibaya. Alichelewa kufika, tena mara kwa mara. Kazi yake ilikuwa kunakili barua za wakubwa, kazi isiyo na mwanzo wala mwisho, na mchana makarani wengine walipanda chumba cha juu kucheza karata, naye akiwemo. Alikopa. Deni la fundi cherehani la pauni 12 liliingia mikononi mwa mkopeshaji, likazaa mpaka akalipa zaidi ya pauni 200. Mkopeshaji huyo alikuwa akija ofisini, akasimama nyuma ya kiti chake akimsihi kwa upole ajifunze kutimiza ahadi kwa wakati. Siku nyingine aliingia mama mmoja mwenye kikapu mkononi, akamwuliza kwa sauti mbele ya makarani wote ni lini atamwoa binti yake. Mkuu wa ofisi, Kanali Maberly, alimhesabu kuwa mtu asiyefaa kitu. Trollope mwenyewe, alipoandika habari za maisha yake uzeeni, hakumlaumu sana Kanali kwa hilo.

Wengi wetu tulio maofisini tumewahi kuwa na mwenzetu wa namna hiyo. Nasi twajua jinsi ofisi inavyomtibu: barua ya onyo, kisha nyingine, na mwisho uhamisho.

Uhamisho ndio uliomwokoa. Mwaka 1841 ilitoka nafasi ya karani wa mkaguzi wa posta magharibi ya Ireland. Hakuna aliyeitaka, maana ilisemekana ni kazi ya kwenda porini. Trollope aliiomba, na Kanali akafurahi kumpoteza. Aliwasili Dublin Septemba mwaka ule akiwa na umri wa miaka 26. Barua ya siri ilikuwa imemtangulia kueleza tabia zake mbaya. Mkubwa wake mpya alimwambia habari ya barua ile, lakini akaongeza kwamba atamhukumu kwa kazi atakayoiona mwenyewe. Katika muda wa mwaka mmoja sifa ya uvivu ilikwisha.

Kwa nini? Maana mtu alikuwa yule yule. Mimi naona sababu ni hii. London alipewa siku nzima ya kukaa. Ireland alipewa jambo la kumaliza. Malalamiko yalikuja: barua ya fulani imepotea, au mkuu wa posta mahali fulani ameiba. Alipanda farasi, akaenda, akaona, akaandika taarifa, jambo likafungwa. Alilipwa shilingi 15 kwa kila siku aliyokuwa nje ya kituo na peni 6 kwa kila maili, hivyo kila hatua ilionekana mfukoni.

Safari yake moja ya mwanzo ilikuwa kukagua hesabu za mkuu wa posta aliyekula fedha. Trollope hakujua hata fomu zinajazwaje. Akamwomba mshtakiwa mwenyewe amfundishe! Yule bwana alimfundisha vizuri, na Trollope alipokwisha elewa akapiga hesabu, akaandika kuwa deni limethibitika na halilipiki. Mwalimu akafukuzwa kazi. Mara nyingine alipita kwenye theluji kumfuata bwana mmoja wa wilaya ya Cavan aliyekuwa akiandika malalamiko makali mfululizo. Alikaribishwa kwa moto, chakula na kinywaji, akalazwa. Asubuhi alipouliza shauri lenyewe, aligundua halipo. Mzee wa watu alikuwa mpweke, hana kazi nyingine ila kuandika barua za kulalamika.

Mwaka 1843 aliona magofu ya nyumba moja karibu na kijiji cha Drumsna, akaanza kutunga riwaya yake ya kwanza. Mwaka uliofuata alimwoa Rose Heseltine, aliyekuja kunakili kurasa zake nyingi kwa mkono. Riwaya ile ilimchukua karibu miaka miwili. Ilitoka mwaka 1847, haikununuliwa. Ya pili ya mwaka 1848 haikununuliwa, wala ya tatu ya mwaka 1850. Akaandika na mchezo wa kuigiza, ukakataliwa. Alikuwa amepata uwezo wa kukaa kitako na kumaliza kitabu, basi. Faida nyingine haikuonekana.

Toka 1851 alitumwa kupanga njia za kupeleka barua vijijini katika wilaya za magharibi ya Uingereza. Kwa karibu miaka miwili alizunguka juu ya farasi, akipima kila njia, maana mpeleka barua hakutakiwa kutembea zaidi ya maili 16 kwa siku. Alipotumwa visiwa vya Jersey na Guernsey alishauri yasimamishwe masanduku ya barua kando ya barabara, na ya kwanza yalisimama Jersey mwaka 1852. Yale masanduku mekundu tuliyoyazoea katika miji iliyotawaliwa na Mwingereza ni wajukuu wa yale. (Rangi nyekundu ilikuja kuwa ya kawaida baadaye.) Katika mizunguko hiyo hiyo, jioni moja akitembea kando ya kanisa kuu la Salisbury, ndipo alipopata wazo la kitabu chake The Warden, kilichotoka mwaka 1855. Kwa miaka miwili ya mwanzo kilimpa kama pauni 20 tu. Lakini watu walikisoma, wakataka kingine.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kazi ya ukaguzi ilimpakia kwenye gari la moshi saa nyingi kila wiki. Abiria wenziwe walisoma magazeti au walisinzia, naye mwanzoni alifanya vivyo hivyo. Kisha akajitengenezea kibao kidogo cha kuweka magotini, akawa anaandika kwa penseli humo ndani ya behewa, na mkewe akanakili baadaye kwa wino. Aliona haya kidogo mbele ya abiria, lakini haya ilipita. Sehemu kubwa ya Barchester Towers, kitabu cha mwaka 1857 ambacho wengi hukiona bora kuliko vyote, iliandikwa hivyo.

Wakati huo ndipo alipoanza daftari lake. Kila alipotaka kuanza kitabu, alipiga mistari daftarini, akaligawa kwa wiki mpaka tarehe aliyojipangia kumaliza, na kila siku akaandika idadi ya kurasa. Ukurasa wake haukuwa wa kukisia, ulikuwa wa maneno 250, naye aliyahesabu. Kawaida yake ilikuwa kurasa 40 kwa wiki. Posta ilipombana alishuka mpaka 20. Safari moja alipanda mpaka 112. Angalieni hapo, maana wengi wanaopanga ratiba hukosea hapo: kiwango alikiweka baada ya kutazama kazi nyingine aliyo nayo wiki ile, hakukiweka kwa kutazama anavyotamani kuwa. Siku mbili zikipita bila kitu, nafasi tupu ilimkodolea macho mpaka ailipe. Kuna watunzi waliomwambia kuwa mtu wa sanaa hujishusha akifanya hivyo. Jibu lake lilikuwa kwamba fundi viatu hangoji roho imshukie ndipo ashone kiatu.

Mwaka 1859 alihamia Waltham Cross, karibu na London, na huko utaratibu ukakamilika. Alikuwa na mtumishi mzee kutoka Ireland, jina lake Barney, aliyeongezewa pauni 5 kwa mwaka kwa kazi moja, nayo ni kumwamsha bwana alfajiri na kumletea kahawa bila kumhurumia. Saa 11:30 alfajiri Trollope alikuwa mezani. Nusu saa ya kwanza alisoma aliyoandika jana, kwa sikio, asikie yanavyolia. Kisha aliweka saa yake ya mfukoni mbele yake, akajidai maneno 250 kwa kila robo saa. Baada ya saa tatu aliweka kalamu chini, akavaa, akanywa chai, akaenda kwenye kazi ya serikali. Aliamini kuwa saa tatu za kuandika kweli kweli zamtosha mtu kwa siku, mradi zisiwe saa za kung'ata kalamu na kutazama ukuta. Nasi leo tungesema, zisiwe saa za kutazama simu. Mzee Barney hakuchelewa hata siku moja, na Trollope aliandika kuwa hakuna mtu anayemwia deni la mafanikio kuliko huyo.

Msidhani mtu huyu hakuwa na starehe. Alipenda kuwinda mbweha juu ya farasi, siku mbili tatu kila wiki katika msimu wake. Alicheza karata karibu kila siku klabuni, karata zile zile za ujanani, ila sasa kazi ya siku ilikuwa imekwisha. Alikuwa na sauti kubwa na mabishano mengi, na baadhi ya makarani walimwogopa.

Bahari nayo haikumzuia. Mwaka 1858 alipelekwa Misri kujadiliana juu ya mkataba wa kupitisha barua nchini humo, akawa ana Doctor Thorne mkononi. Melini alilazimika mara kadhaa kuiacha meza akimbilie chumbani kutapika, kisha akarudi kwenye karatasi yake. Kitabu kilipomalizika, kesho yake alianza kingine. Mwaka 1871, alipokwenda Australia kumwona mwanawe, aliwaomba wenye meli wamtengenezee meza chumbani. Katika wiki nane za safari aliandika kitabu kizima, Lady Anna, kurasa 66 kila wiki, isipokuwa siku moja aliyougua. Hayo ni maneno 132,000 hivi.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Katika riwaya 47 zipo ambazo hakuna hasara kama usipozisoma. Mwendo ule ule uliompa Barchester Towers ulimpa pia vitabu vilivyopwaya, na saa ya mezani haikumwambia kipi ni kipi. Lakini masikio yake hayakuziba. Siku moja klabuni aliwasikia mapadri wawili wa Kiingereza wakimlaumu kwa kurudia wahusika wale wale, hasa yule mke wa askofu, Bibi Proudie. Trollope akasimama, akajitambulisha, akawaahidi kwamba anakwenda nyumbani kumuua. Naye akamwua, katika The Last Chronicle of Barset ya mwaka 1867. Alikuja kusema kuwa alimkosa sana mama yule.

Wala juhudi haikumpa kila alichokitaka. Mwaka 1864 aliomba cheo cha naibu katibu wa posta, akapewa mtu mwingine aliyekuwa chini yake kwa miaka ya utumishi. Jambo hilo lilimwuma. Hakulegeza kazi ya posta, lakini alianza kuweka akiba hadi akapata kiasi cha kufidia pensheni ambayo angeikosa, na mwaka 1867 akajiuzulu, ikiwa imebaki miaka minane afikishe umri wa kuilipwa.

Mwaka 1875 na 1876 aliandika maisha yake, akamwachia mwanawe Henry akichapishe atakapokufa. Ndani yake alieleza yote: matope ya Harrow, mkopeshaji, saa, daftari, na orodha ya mapato ya kila kitabu, jumla pauni 68,939, shilingi 17 na peni 5. Alipigwa na ugonjwa wa kiharusi tarehe 3 Novemba 1882, akafariki tarehe 6 Desemba. Kitabu kilipotoka mwaka 1883 wasomaji wengi walichukizwa. Walitaka mtunzi awe mtu wa kutembelewa na malaika, na huyu aliwaonyesha hesabu kama mwenye duka. Jina lake lilififia kwa miaka mingi. Baadaye lilirudi, na mwaka 1993 jiwe la kumkumbuka liliwekwa Westminster Abbey, katika pembe ya washairi.

Madaftari yale yenyewe yapo mpaka leo, yamehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford. Zimo wiki za kurasa 40 na wiki za zaidi ya hapo, na zimo pia siku alizokaa bure, zimeandikwa kwa mkono wake mwenyewe.